Chuo Kikuu cha Miaka Minne

Mji wa Northampton, katika Uingereza, hujulikana sana kwa viatu, maana kwa karne nyingi mafundi wake walishona viatu vya askari na vya mabwana. Wachache tu ndio wajuao kwamba mji huo uliwahi kuwa na chuo kikuu, tena cha tatu katika nchi hiyo, baada ya Oxford na Cambridge. Kilianza mwaka 1261, walimu na wanafunzi waliokimbia ghasia za Cambridge walipohamia hapo kwa idhini ya Mfalme Henry wa Tatu. Hata mwaka 1264 vita vikatokea kati ya mfalme na mabwana wa nchi, na jeshi la mfalme likaushambulia mji. Yasemekana wanafunzi walishika silaha upande wa maadui zake. Mwaka 1265 mfalme akaamuru chuo kifungwe, kwa kuwa maaskofu nao walimshauri kwamba kinaidhuru Oxford.

Leo hakuna awezaye kusimama mahali fulani pa Northampton akasema kwa yakini, “Hapa ndipo wanafunzi wale waliposomea.” Jambo hilo si la ajabu sana. Katika zama zile chuo kikuu hakikuwa majengo wala uwanja, bali watu. Mwalimu alikodi chumba, wanafunzi wakakaa kumzunguka, na mwalimu alipoondoka chuo kiliondoka naye. Mji huo haukupata chuo kikuu tena mpaka mwaka 2005, yaani baada ya miaka 740.

Habari hii ya mbali yahusu Garissa kuliko mtu awezavyo kudhani.

Wakati wa ukoloni wilaya za kaskazini mwa Kenya zilikuwa zimefungwa, na mgeni hakuruhusiwa kuingia pasipo kibali. Baada ya uhuru ilikuja amri ya hali ya hatari, ambayo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katika miaka hiyo yote kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kuvuka mto Tana na kwenda mbali na kwao. Ndiyo sababu ilikuwa habari kubwa, mwaka 2011, Chuo cha Ualimu cha Garissa kilipofanywa kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kilichoko Eldoret. Kikawa chuo kikuu cha kwanza cha serikali katika nchi ile yote ya kaskazini mashariki. Wanafunzi wakaja kutoka pande zote za Kenya, na wengi wao hawakuwa wamepata kuiona Garissa kabla ya hapo.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab waliingia chuoni. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Chuo kikafungwa, na wanafunzi waliosalimika wakapelekwa Eldoret kumalizia masomo yao. Hesabu yake ilikuwa kama ile ya Northampton: miaka minne, kisha kimya.

Mkulima ajua jinsi shamba lililoachwa msimu mmoja linavyorudiwa na miiba. Chuo nacho kikiachwa, walimu hupata kazi kwingine, wazazi huzoea kuwapeleka watoto mahali pengine, na karani wa ofisi ya elimu huliondoa jina lake katika orodha. Wala isidhaniwe kwamba hofu ya wazazi wa bara ilikuwa ya kulaumiwa. Mzazi aliyekwenda Nairobi kuutambua mwili wa mwanawe hawezi kuambiwa habari za maendeleo ya wilaya. Hata hivyo, kama lango lile lingebaki limefungwa, hasara ingemwangukia kijana wa Garissa, ambaye yeye pia alikuwa amefiwa.

Lakini Garissa ilikuwa na kitu ambacho Northampton haikuwa nacho: kiwanja chake, mabweni na madarasa, vyote vilivyorithiwa kutoka chuo cha ualimu. Kituo cha polisi kikawekwa mle mle chuoni, na mnamo Januari 2016, baada ya miezi tisa, masomo yakaanza tena. Waliorudi kwanza walikuwa wachache, na wengi wao wenyeji, waliopita katika njia zile zile walizozipita wenzao waliokufa. Huenda hao wachache ndio waliokiokoa chuo, maana majengo matupu yangeweza kugeuzwa kambi au ghala wakati wowote.

Mwezi wa Oktoba 2017 serikali ikakipa hati yake, kikawa Chuo Kikuu cha Garissa kamili. Tangu hapo mhitimu wake hutunukiwa shahada iliyoandikwa jina la Garissa, wala si la Moi.