Samaki wa Kusini na Milango ya Ng'ambo

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipoweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi pale Kilwa Masoko, mwezi Septemba 2023, watu wa pwani ya kusini wamekuwa wakizungumza habari za samaki kama baba zao walivyozungumza habari za mkonge, na kama wao wenyewe wanavyozungumza kila mwaka habari za korosho. Hata Kitomanga, ambako bahari haionekani ila samaki wa Mchinga hufika kwa baiskeli na pikipiki, swali ni lile lile: je, yawezekana samaki wetu, na hasa samaki wa kufugwa, wakagandishwa na kuuzwa Ulaya, Marekani na Japani, fedha ikarudi katika vijiji hivi?

Yawezekana, nasi twasema hivyo bila kusita. Lakini bandari peke yake haiuzi samaki. Kusini ina ushahidi wake wa jambo hilo. Reli ya Nachingwea na bandari ya Mtwara zilibuniwa na Waingereza kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mwaka 1951 mpango ule ukatupwa, na baadaye hata reli yenyewe ikang'olewa. Wale waliotumia mamilioni ya pauni hawakuuliza udongo kwanza. Yatupasa sisi tumwulize mnunuzi kabla hatujamwandalia shehena.

Na mnunuzi wa ng'ambo haanzi kwa kuuliza kama samaki ni mtamu. Huanza kwa kuuliza cheti.

Wako ndugu zetu wasemao kwamba masharti ya Ulaya ni hila tupu ya kumzuia Mwafrika asifanye biashara. Maneno hayo hayakuzuka hewani, kwa hiyo si haki kuyapuuza. Mwezi Desemba 1997 Jumuiya ya Ulaya iliwawekea vikwazo samaki wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu kilichokuwa kikienea katika nchi hizo. Samaki wabichi wakakataliwa. Waliogandishwa wakatakiwa kupimwa kwanza. Viwanda vya minofu vya Mwanza vikapunguza kazi, vibarua wakarudishwa nyumbani, na bei ya sangara katika mialo ikaanguka. Tanzania haikunyamaza. Mwaka 1998 ililipeleka jambo hilo mbele ya kamati ya Shirika la Biashara la Dunia, na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula yakasema kwamba hatari ya kueneza kipindupindu kwa chakula cha biashara ni ndogo. Katikati ya mwaka 1998 vikwazo vikaondolewa. Hapo tulionewa, na tulishinda kwa sababu tulikuwa na hoja za kitaalamu, wala hatukutegemea kelele.

Lakini mwaka uliofuata mambo yalikuwa mengine. Mwanzoni mwa 1999 ilijulikana kwamba watu fulani katika Ziwa Victoria walikuwa wakiwavua samaki kwa kumwaga sumu ya wadudu majini. Serikali ya Uganda yenyewe ilisimamisha kuuza nje mwezi Machi; mwezi Aprili Ulaya ikafunga mlango kwa nchi zote tatu za ziwa. Je, hapo nani alaumiwe? Ulaya iliuliza swali moja tu: mnaweza kupima na kutuonyesha kwamba samaki hawa hawana sumu? Nchi zetu hazikuwa na maabara ya kulijibu upesi. Tanzania ndiyo iliyotangulia kufunguliwa, Uganda ikafuata mwaka 2000, na Kenya ikawa ya mwisho. Katika miezi hiyo mvuvi wa Ukerewe ambaye hajapata kushika chupa ya sumu maishani mwake aliadhibiwa pamoja na mhalifu, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kuwatenganisha.

Twayasema haya ili ijulikane cheti ni kitu gani. Ni ngao ya mtu mwaminifu.

Basi tuje kwa samaki wa kufugwa, maana hapo ndipo wengi wasipoelewa. Samaki wa baharini hula anachokipata mwenyewe. Samaki wa bwawani hula anachopewa na mtu, hunywa dawa anazopewa na mtu, na huishi katika maji aliyochaguliwa na mtu. Kwa hiyo mnunuzi humwuliza mfugaji maswali asiyomwuliza mvuvi: vifaranga vilitoka wapi, chakula kilitoka wapi, dawa gani ilitiwa, na ilitiwa siku ngapi kabla ya kuvuna. Ziko dawa ambazo hazikubaliwi kabisa katika samaki, hata kidogo: kloramfenikoli, nitrofurani, na ile rangi ya kijani iitwayo malakaiti ambayo hutumiwa kuua kuvu wa samaki. Mwezi Januari 2002 Ulaya iliifungia China mazao mengi yatokanayo na wanyama, kamba wakiwamo, baada ya kukuta kloramfenikoli. Mwaka 2007 Marekani nayo ikaamuru kamba na aina nyingine za samaki wa kufugwa kutoka China wazuiwe forodhani mpaka mwenye mali athibitishe kwamba hawana dawa hizo. Ikiwa taifa kubwa namna ile halikupewa msamaha, Kilwa isitazamie kupewa.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Umoja wa Ulaya hauanzi kumtazama mfugaji. Huanza kuitazama serikali yake. Sharti kwanza iwepo mamlaka ya nchi inayoaminika kukagua, ambayo kwetu ni idara ya uvuvi. Mamlaka hiyo hukikagua kiwanda na kukipa namba, na namba hiyo huandikwa katika orodha ya Ulaya. Kila shehena hutoka na cheti cha afya kilichotiwa sahihi na mkaguzi. Tena kwa samaki wa kufugwa nchi yapaswa kuwa na mpango wa kila mwaka wa kupima mabaki ya dawa na sumu, na mpango huo ukubaliwe na Ulaya. Mfugaji wa Mchinga aweza kuwa mwaminifu kuliko wote duniani. Mpango huo usipokuwapo, au ukilegea, hata sanduku lake moja halitapita. Ndiyo maana twasema jambo hili si la mtu mmoja mmoja na bwawa lake. Ni kazi ya dola.

Maabara ya taifa ya samaki iko Nyegezi, Mwanza, na imefanya kazi ya sifa tangu mateso yale ya 1999. Lakini kutoka Lindi mpaka Nyegezi ni kuikata nchi nzima. Kipande cha samaki kinachosafiri mwendo huo ili kupimwa huhitaji barafu, gari na siku nyingi, na shehena inayongoja jibu hula umeme wa ghala kila saa. Serikali ikiwa imekusudia kweli kwamba Kilwa iwe mlango wa samaki, basi na maabara iwe karibu na mlango huo.

Mkulima wa Kitomanga asidhani kwamba haya ni mambo ya ajabu asiyoyajua. Anayajua sana. Akipeleka korosho zenye unyevu ghalani hurudishiwa, au hupewa daraja la chini na bei ya chini. Ufuta wake ukichanganyika na mchanga, mnunuzi huupitisha katika chekeche na kukata bei. Wajapani hununua ufuta wa Afrika Mashariki, nao tangu mwaka 2006 wana sheria kwamba sumu ya wadudu ambayo haikuwekewa kiwango chake isizidi sehemu moja katika milioni mia. Samaki hana sheria ngeni kuliko hizo, ila yeye huoza upesi, wala hakuna jua la kumwokoa.

Nasi wenyewe tumewahi kuwa wakali. Mwezi Agosti 2011, baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, serikali yetu ilizuia vibua walioagizwa kutoka Japani kwa hofu ya mionzi, na wananchi waliisifu. Hakuna aliyesema kwamba Tanzania inawaonea wavuvi wa Japani. Kila taifa lina haki ya kulinda sahani ya mtoto wake. Tukiidai haki hiyo kwetu, hatuwezi kuwanyima wengine.

Sasa tuseme na wafanyakazi, kwa maana hatimaye masharti yote ya Brussels huangukia mikononi mwao. Samaki aliyegandishwa sharti afikishwe nyuzi 18 chini ya sifuri na kukaa hapo bila kupanda mpaka afike. Maji ya kuoshea na maji ya kutengenezea barafu sharti yawe maji ya kunywa. Mwenye kuharisha asishike samaki, wala mwenye kidonda kisichofunikwa. Haya huandikwa vizuri sana katika vitabu vya kiwanda. Lakini tuulize: kibarua alipwaye kwa kilo, ambaye asipofika kazini siku moja halipwi, atamwambia msimamizi kwamba tumbo linamsumbua? La hasha! Atafunga mkanda na kuingia. Tajiri anayekataa kumlipa mgonjwa siku mbili za kupumzika anahatarisha kontena zima kwa ubahili wake, kisha shehena ikikataliwa huwalaumu wafanyakazi kwa uchafu. Malipo ya siku za ugonjwa, viatu vya mpira, vyoo vyenye maji na sabuni, hayo si ukarimu wa mwenye kiwanda. Ni sehemu ya masharti ya soko kama vile baridi ilivyo sehemu yake. Vyama vya wafanyakazi vingepaswa kulisema jambo hili mezani kila vinapopatana habari za mishahara.

Na maagizo hayo yaandikwe kwa Kiswahili. Kubandika karatasi ya Kiingereza mlangoni mwa chumba cha minofu, kisha kumpiga faini mama wa Kilwa kwa kutoifuata, ni dhihaka.

Kuna hila nyingine ambayo haitoki kwa wafanyakazi. Samaki wa kugandishwa huvikwa ngozi nyembamba ya barafu ili asikauke. Wako wafanyabiashara katika dunia hii ambao huizidisha ngozi hiyo wapate kuuza maji kwa bei ya samaki. Ulaya siku hizi yataka uzito uandikwe bila kuhesabu barafu hiyo. Mwenye mali akifanya ujanja huo anachafua jina la pwani nzima, maana mkaguzi wa bandari ya ng'ambo akigundua kosa huwaarifu wenzake wa nchi zote za Umoja siku ile ile, na katika taarifa hiyo jina la nchi huandikwa pamoja na la kampuni.

Habari ya barafu yatukumbusha jambo la kusikitisha. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songosongo, kisiwa cha Kilwa, hupita chini ya bahari na nchi kavu hadi Dar es Salaam kuwasha umeme. Wavuvi wa pweza wa kisiwa hicho hicho wanaijua shida ya barafu kuliko mtu yeyote. Na barabara nayo: mwezi Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na kimbunga Hidaya, njia ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika upande wa Kilwa, na magari yakakwama. Korosho huweza kungoja daraja litengenezwe, lakini samaki hawezi. Mtu apangaye kiwanda cha kugandisha bila mtambo wake wa akiba wa umeme na bila kufikiri njia ya bahari, huyo anapanga hasara.

Je, tuanze na samaki gani? Hapa twatofautiana na wale wanaotaka kila bwawa litazame Ulaya. Mwatiko, anayefugwa katika mabwawa ya maji chumvi, na mara nyingine katika mashamba ya chumvi yaliyoachwa, ni samaki mwema. Lakini vifaranga vyake huokotwa katika vidimbwi vya mikoko, na mnunuzi wake yuko sokoni Lindi, akiwa na fedha mkononi, wala haulizi cheti. Kumgandisha mwatiko na kumpeleka ng'ambo leo ni kutafuta sifa. Kamba ni habari nyingine. Kisiwani Mafia kamba wamefugwa kwa biashara, na huko ndiko watu wetu waende kujifunza jinsi hesabu ya chakula na maji inavyowekwa. Pweza wa Kilwa, ijapokuwa hafugwi, amekwisha kuizoea njia ya Ulaya. Nao wavuvi wake wamekwisha kuzoea sheria isemayo asivuliwe aliye chini ya nusu kilo.

Lakini hata kamba asiwe sababu ya kukata mikoko. Katika miaka ya 1990 ulitungwa mpango mkubwa wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji, wanavijiji wakaupinga, na haukutekelezwa. Walikuwa na akili kuliko wataalamu wa mpango ule, maana makinda ya kamba wa porini hukua katika mikoko hiyo hiyo iliyotaka kufyekwa.

Hofu yetu kubwa ni hii. Masharti yanapokuwa mazito, mwenye mtaji hupita na mnyonge hubaki nje. Kupima sampuli, kulipia ukaguzi, kununua friza, yote haya tajiri mmoja huyabeba kwa urahisi kuliko wafugaji arobaini wenye bwawa moja moja. Wasipoungana watageuka vibarua katika mabwawa ya mtu mwingine, kando ya maji waliyozaliwa nayo. Korosho zilifundisha faida ya kuuza pamoja, na zilifundisha pia, kwa uchungu, kwamba chama chenye viongozi wezi ni mzigo juu ya mzigo. Chama cha wafugaji wa samaki kiwe na friza yake, mkaguzi wake wa ndani na hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama.

Twaitaka wizara iseme wazi ni lini sampuli za kwanza kutoka mabwawa ya Kilwa na Lindi zitaingizwa katika mpango wa taifa wa kupima mabaki ya dawa, na zitapimwa wapi. Wakati jibu likingojwa, halmashauri zetu zaweza kufanya jambo lisilohitaji mkopo wala mfadhili: kuyaandikisha mabwawa yote, kila bwawa lipewe namba, na kila mfugaji apewe daftari la Kiswahili la kuandika tarehe ya vifaranga, chakula, dawa na mavuno. Mkaguzi wa ng'ambo ajapo, kitu cha kwanza atakachoomba ni daftari hilo, na daftari la miaka miwili haliwezi kuandikwa kwa usiku mmoja.