Wachumi 23 wa Nobel na suali la kijana wa Same



Nilikwenda Same kwenye harusi ya jamaa. Baada ya sala ya Isha kijana mmoja anayenunua tangawizi milimani Upare akanisogelea. "Sheikh, tumeamrishwa tuwaulize wenye elimu. Wachumi wa Marekani walisema, na watu wao hawakuwasikiliza. Basi elimu ina faida gani?"

Suali hili nimeulizwa Unguja pia, ndiyo maana naliandika.

Juni 2024 wachumi 16 wenye Tuzo ya Nobel, akiwemo Joseph Stiglitz, walionya kwa barua kwamba Trump akirudi, mfumuko wa bei utawaka upya. Oktoba wakatia saini 23, wakiupendelea mpango wa Kamala Harris. Novemba 5 Trump akashinda. Mpiga kura alikumbuka Juni 2022, chini ya utawala wa chama cha Harris, bei zilipopanda 9.1% kwa mwaka.

Nikamwambia: mwanangu, tenganisha mambo mawili. Mchumi akisema ushuru wa forodha humlipisha mwagizaji, kisha mzigo ukamfikia mnunuzi, hiyo ni khabari ya mjuzi, ichukue. Akisema "basi mchagueni fulani", hapo ametia mizani yake: nani aumie, nani anusurike. Hiyo ni rai. Kadhi humwita mthamini amwambie nyumba ya mirathi ina thamani gani. Hamuulizi nani arithi. Kwa hiyo si wajibu kumfuata mchumi katika kura, wala si halali kumdharau katika hesabu yake.

Wapare wana kisa chao. Miaka ya 1940 Waingereza walileta kodi ya mbiru, kila mtu alipe kwa kadiri ya mali yake. Kwenye karatasi ilikuwa na uadilifu kuliko kodi ya kichwa. Lakini nani aingie bomani mwa mtu kumhesabia ng'ombe na migomba? Mwaka 1945 waliteremka kwa maelfu hadi makao ya wilaya, hapo hapo Same, wakapiga kambi kwa miezi. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Hesabu ilikuwepo, wenye mali hawakushauriwa.

Na barua zile za Nobel zilipima mfuko wa Mmarekani. Sisi hatukuwamo. Januari 20, 2025, siku ya kuapishwa, Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Aprili 2 akatangaza ushuru wa 10% kwa bidhaa za Tanzania.

Kijana akacheka, akasema tangawizi yake inaishia Dar es Salaam na Kenya, ushuru haumhusu. Kisha akanyamaza kidogo. Dada yake alikuwa akilipwa na mradi wa kupima virusi vya UKIMWI kwa fedha za Marekani. Tangu Januari ile yuko nyumbani na watoto watatu, na ada ya skuli analipa yeye, kwa tangawizi.

Wallahu a'lam.