Jembe Lisiondolewe Mkononi mwa Mzee

Mzee anapohamia mjini kwa wanawe, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba sasa apumzike. Huwekewa kiti barazani, huletewa chai, na jembe alilolishika maisha yake yote hubaki kijijini. Watoto hufanya hivyo kwa heshima. Naye mhudumu wa kliniki, akiona shinikizo la damu liko juu, hukazia neno lilelile: pumzika, mzee. Ipo siku ambayo pumziko ni tiba kweli, kama vile kifua kinapouma au pumzi zinapokata. Lakini likigeuzwa kuwa agizo la maisha, humdhuru.

Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na hupungua upesi zaidi isipotumika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka hata wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli na mizani ya mwili siku 3 au zaidi, ili wasianguke ovyo. Ni wazee wachache wa Temeke watakaovaa raba wakimbie barabarani. Kuchuchumaa kwenye tuta la mchicha, kuinuka, kupalilia na kubeba kopo la maji ni mazoezi hayohayo, tena yana mboga ndani yake.

Bustani ya pamoja ina faida nyingine: mzee asipoonekana siku mbili, yupo atakayeuliza hali yake. Zahanati nyingi zina uwanja ambao kazi yake ni kufyekwa nyasi tu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wazee kuwa rasilimali. Basi wapewe matuta machache hapo, siku ya kliniki iwe pia siku ya bustani.

Mazingira nayo yatanufaika. Kizazi hiki kilifukia maganda ya ndizi na viazi yakawa mboji, wakati mjini yanachomwa uani pamoja na plastiki, moshi ukiingia vifuani mwa wajukuu. Wanajua kutunza mbegu, na kutumia majivu kabla ya kukimbilia sumu ya dukani.

Tahadhari zipo. Anayetumia insulini ale kabla ya kushika jembe, na awe na kitu cha sukari mfukoni. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, kwani mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba. Anayetumia warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, na mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Mapipa ya maji yafunikwe, maana mbu wa dengue huzaliana humo. Kazi ianze asubuhi, jua lingali pole. Hayo yote ni mazungumzo ya dakika chache, mzee akiwa bado kitini mbele ya mhudumu, kadi yake mkononi.