Taa za breki ni za anayekufuata

Leo siasa tuziweke kando kidogo. Wanasiasa wapo, hawaendi popote, tutawarudia. Nataka tuongee kuhusu mgongo wa magari yetu.

Ukipata nafasi jioni, simama dakika kumi kando ya Barabara ya Mandela uangalie magari yanavyofunga breki. Utaona lenye taa moja, lenye ile ya juu ya kioo peke yake, na lisilo na hata moja. Utaona na lile ambalo dereva akikanyaga breki inawaka indiketa! Muziki wake lakini unausikia kabla hujaliona. Spika mpya, rimu mpya, vioo vyeusi tii, na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama imebandikwa mbele, safi kabisa.

Dereva haioni taa yake ya breki, ndiyo maana haimuumi. Anayeumia ni kijana wa bodaboda aliye nyuma yake, na dada aliyempakia. Hebu tupige hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu kujua kwamba wa mbele anasimama, mita nane zimeshakwenda. Kwa foleni zetu hizi, nani anaacha mita nane?

Kama unadhani nakuza mambo, mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, John Voevodsky, alizifunga teksi 343 za San Francisco taa ya breki ya ziada katikati, chini ya kioo cha nyuma. Teksi nyingine 160 akaziacha zilivyo. Baada ya miezi kumi, zile zenye taa ya ziada zilikuwa zimegongwa kwa nyuma pungufu ya wenzake kwa asilimia 60.6. Ni taa moja tu iliyoongezwa kwenye gari lililokuwa na mbili tayari. Sasa sisi tunaziondoa hata hizo mbili.

Nisieleweke vibaya, sisemi tutupe magari ya zamani. Wengi wetu bila Corolla ya miaka ya tisini tungekuwa tunaning'inia mlangoni kwenye daladala mpaka leo. Ninachogombea ni jinsi tunavyoyatengeneza. Umeme wa taa za nyuma ni mfumo mwepesi kuliko yote kwenye gari: betri, fyuzi, swichi iliyo juu ya pedeli ya breki, waya mpaka nyuma, globu, halafu umeme unarudi kupitia bodi. Basi. Hakuna kompyuta ya kuogopa. Lakini fundi anaanza kwa kubadilisha globu, ikikataa anabadilisha swichi, ikikataa anakata waya na kuvuta mpya juu kwa juu. Hajapima chochote. Na wewe unalipia kila jaribio.

Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari gari lake la otomatiki liligoma kutoka kwenye P. Gereji moja ikamwambia giaboksi imekufa, atafute fedha. Fundi mwingine, mzee wa chini ya mwembe, akamuuliza swali moja tu: taa za breki zinawaka? Haziwaki. Akafungua kiboksi cha fyuzi, akachomoa ile iliyoandikwa STOP, imekatika. Kwenye otomatiki nyingi za Toyota gia haitoki P mpaka gari lipate habari kwamba umekanyaga breki, na habari hiyo inatoka kwenye umeme uleule wa taa. Hadithi ya giaboksi ikaishia pale.

Yule mzee hakuishia hapo, na hili ndilo lililonifurahisha. Alitafuta kwa nini fyuzi ilikatika. Akaukuta waya umechubuka pale unapopita kwenye bawaba ya mlango wa buti, unagusa bati. Kila ukifungua na kufunga buti waya zile zinakunjwa, na baada ya miaka ishirini plastiki yake inapasuka kama ngozi ya kisigino. Fundi wa haraka angefanya nini? Angekunja kipande cha waya wa shaba akakichomeka badala ya fyuzi. Taa zinawaka, mteja anacheka, anaondoka. Globu ya breki ni wati 21, zikiwa tatu hazifiki ampea sita, na fyuzi yake kwa kawaida ni ya 10 au 15. Ukiweka shaba, siku ya shoti kitakachoungua ni waya wenyewe, chini ya kapeti, jirani na tangi la mafuta.

Ila lawama nyingine ni zetu wenye magari. Ni sisi tunaosema "weka waya tu twende, nimechelewa". Fundi anakupa ulichoomba.

Haya, na wewe uliyesoma mpaka chuo kikuu huwezi kushindwa haya mambo. Taa ya juu inawaka na mbili za chini haziwaki? Fyuzi na swichi ni nzima, usikubali kuuziwa swichi. Hazadi zinawaka kote lakini indiketa haziwaki? Globu na waya zake ni nzima, tatizo liko kwenye fyuzi ya indiketa au mkono wa usukani. Indiketa ya upande mmoja inakimbia haraka haraka? Mara nyingi kuna globu imekufa upande huo, au umeweka za LED ambazo zinakula umeme kidogo na flasha ya kizamani inadhani hakuna globu. Na lile la kukanyaga breki ikawaka indiketa, watu wanaliita uchawi, ni kutu. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, basi unapita kwenye globu ya jirani. Dawa yake ni kufungua boliti, kukwangua mpaka bati ling'ae na kukaza tena. Hununui kitu.

Angalia pia globu yenyewe. Ile yenye nyuzi mbili, moja ya usiku na moja ya breki, ina vipini visivyolingana kimo ili iingie upande mmoja tu. Nimeshaona ikilazimishwa kwa nguvu kinyume. Matokeo yake gari linatembea usiku mzima kama limefunga breki, na likifunga kweli hakuna tofauti anayoiona wa nyuma.

Trafiki naye anakuandikia faini, unalipa, unaondoka na taa yako ileile iliyokufa. Mimi ningefurahi zaidi kama angekuzuia pale mpaka globu ipatikane. Gerezani pale Kariakoo zimejaa, na bei yake haifiki sahani ya chipsi kuku.

Usiku huu, kabla hujazima gari, rudi nyuma taratibu mpaka karibu na ukuta, kanyaga breki na uangalie kwenye vioo vya pembeni. Ukuta unatakiwa uwe mwekundu kulia na kushoto.