Ukimbizi Si Kabila

Kuna maneno yamenichosha hapa Lubaga. Mwenye nyumba anayasema, boda anayasema, hata kwenye semina utayasikia yamevishwa nguo nzuri: "Wakimbizi mmezoea kupewa." Kana kwamba ukimbizi ni kabila, mtu anazaliwa nalo, tena kabila la watu weusi peke yao. Nafanya kazi na vijana, na ubaya ni kwamba wameanza kuamini. Kijana anaficha kuwa ni mkimbizi kama anayeficha ugonjwa.

Basi tuongee historia ambayo wengi hawajaisikia.

Mwaka 1942, Uganda ikiwa chini ya Mwingereza, wakimbizi wazungu walianza kuletwa hapa. Ndiyo, wazungu! Walikuwa Wapolandi, wengi wao akina mama na watoto. Serikali ya Stalin ilikuwa imewang'oa makwao na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa wakapitia Irani, wakavuka bahari mpaka Afrika Mashariki. Uganda ilipokea karibu 7,000 na kuwaweka kwenye kambi mbili: Nyabyeya kule Masindi, karibu na msitu wa Budongo, na Koja huko Mukono, kando ya ziwa. Wengine walikaa Tengeru, karibu na Arusha.

Walilala kwenye nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi. Malaria iliwapiga kama inavyotupiga sisi. Waliofariki walizikwa hapa, na makaburi yapo. Kanisa walilojenga Nyabyeya watu wanasali humo mpaka leo.

Vita ilipoisha, wengi walikataa kurudi kwa sababu nchi yao ilikuwa imeshikwa na watu wa Moscow. Wakabaki kambini miaka mingine, wakingoja nchi ya kuwachukua. Mwaka 1950 meli ya General Langfitt ilibeba zaidi ya 1,000 kati ya Wapolandi wa Afrika Mashariki, ikawapeleka Australia. Australia hiyohiyo wakati ule ilikuwa na sheria za kuzuia watu wasio wazungu. Kwa hiyo kambi, kungoja, kwenda nchi ya tatu, njia hii hatukuianzisha sisi. Tofauti ni kwamba wao rangi yao iliwafungulia mlango.

Sasa njoo kwenye kilima chenyewe. Januari 1892 Wakatoliki wa Lubaga, walioitwa Wafaransa, walipigana na Waprotestanti, walioitwa Waingereza. Wote walikuwa Waganda! Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwapa Waprotestanti bunduki, na mzinga wake wa Maxim ukamaliza maneno. Misheni ya Lubaga ikachomwa moto. Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, kisha Buddu, na watu wake wengi wakamfuata. Kwa hiyo anayeniambia "rudi kwenu" chini ya kanisa kuu la Lubaga, huenda babu wa babu yake aliwahi kukimbia kutoka hapohapo anaposimama.

Wengine watasema historia haijazi sufuria. Ni kweli. Lakini kijana anayejiona takataka, hata ukimpa cherehani ataiuza. Mnatufundisha kutengeneza sabuni, asanteni. Mnatufundisha "kujitegemea". Je, nani aliwafundisha wale Wapolandi kwamba shida yao ni tabia yao? Wao walipewa shule za lugha yao na walimu wa kwao, wakahesabiwa kuwa ni watu waliopatwa na vita. Basi.

Ombi langu kwa mashirika ni dogo: semina moja kati ya kumi ifutwe, hela yake ikodi basi, vijana wapelekwe Koja. Ni karibu kuliko Nakivale. Wasome majina kwenye yale makaburi.

Na wewe ndugu yangu wa kambini, ukiulizwa wewe ni nani, usianze na namba ya kadi. Taja jina lako, kijiji chako na kazi unayoijua. Ukimbizi ni jambo lililokupata, kama lilivyompata Mpolandi na Mganda. Hujafa hujaumbika, na hilo linamhusu hata mwenye nyumba wangu.