Kidole cheusi nacho ni kidole

Jumatano, saa nne usiku, maktaba imeshafungwa

Wadau, leo sina habari za boom wala foleni ya kafteria. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na watu wa fani yangu, sisi tunaosomea elektroniki, pamoja na lekchara mmoja (jina kapuni) aliyesema darasani juzi kwamba kihisi ni kihisi tu, kikishapimwa Ulaya kimeshapimwa kote. Darasa zima likaandika kwenye daftari kama vile ni kanuni ya Newton. Mimi nasema hapana, na sababu ninazo.

Kwanza tuelewane maneno. Kihisi ndiyo ile wengine tunaita sensa, ila ukisema sensa mtaani watu wanadhani unakuja kuhesabu kaya kama mwaka 2022. Ni kitu kinachogeuza jambo la dunia kuwa umeme: joto, mwanga, mgandamizo, kemikali. Kile kipimo cha sukari anachotumia bibi yako kina kimeng'enya kilichopakwa kwenye elektrodi, wazo walilolitoa Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Maendeleo ni makubwa, sibishi. Ninachobishia ni ile imani kwamba namba ikishatokea kwenye kioo basi imetoka mbinguni.

Chukueni oksimita, kile kibanio wanachokuweka kidoleni hospitali. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyevumbua njia yake mwaka 1974, na hakuna ubishi kwamba kimeokoa watu wengi mno. Ndani yake kuna taa mbili: nyekundu ya nanomita kama 660, na ya infraredi ya nanomita kama 940. Damu yenye oksijeni inanyonya zaidi ile ya infraredi, isiyo na oksijeni inanyonya zaidi nyekundu. Kifaa kinaangalia sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka na mapigo ya moyo, kinagawanya moja kwa nyingine, kinapata uwiano unaoitwa R.

Sasa hapa ndipo watu wanapolala. R sio asilimia ya oksijeni. Ili uipate asilimia lazima uwe na jedwali, na jedwali halitoki kwenye fizikia, linatoka kwa watu. Unachukua watu wa kujitolea wazima wa afya, unawapunguzia oksijeni kidogo kidogo, unawachoma damu kwenye ateri, unalinganisha. Wale watu ndio jedwali. Kidole chako kinalinganishwa na vidole vyao, upende usipende.

Hivi wale watu walikuwa nani? Kwa mujibu wa mwongozo wa mamlaka ya Marekani ya FDA wa mwaka 2013, watu 10 walitosha, na wenye ngozi nyeusi sana wawe angalau 2 au asilimia 15. Wawili jamani! Hata timu ya bao haijatimia.

Nadharia inasema rangi ya ngozi haipigi mapigo, kwa hiyo inajifuta yenyewe kwenye hesabu. Vizuri. Hospitalini haikujifuta. Mwaka 1990 Jubran na Tobin walionyesha Marekani kwamba kwa wagonjwa weupe waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, kulenga asilimia 92 kulitosha, ila kwa weusi ilibidi kulenga 95. Ikapita miaka 30. Desemba 2020, katikati ya korona, Sjoding na wenzake wakachapisha takwimu za Michigan: pale kifaa kilipoonyesha 92 mpaka 96, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa kwa kweli chini ya 88 kwenye damu. Kwa weupe ni asilimia 3.6. Mara tatu! Februari 2021 FDA wakatoa tahadhari, na Januari 2025 wakatoa rasimu inayotaka washiriki 150 au zaidi badala ya 10. Sasa niambieni, waliokuwa wanasema kihisi ni kihisi tu walikuwa wapi hiyo miaka yote 30?

Najua mtakachosema. Kwamba hayo ni ya Marekani. Sawa, ila kule mweusi ni wachache. Hapa ni wodi nzima. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mwenye nimonia akiwa chini ya asilimia 90 apewe oksijeni. Mtoto akiwa na 87 na kibanio kikasema 92, nesi wa zahanati hana kosa lolote akimpa mama dawa na kumruhusu arudi nyumbani. Kosa limefanyika zamani, kwenye chumba walichokaa wale watu kumi.

Mwingine atasema kifaa chenye kasoro ni bora kuliko kukosa kabisa. Nakubali, tena kwa mikono miwili! Sijasema tuvitupe. Nesi asiye na oksimita anabaki kuangalia midomo na kucha, na macho hudanganya zaidi. Ninachosema ni kwamba anayenunua aulize swali moja tu kabla hajasaini: mmekipima kwa watu wangapi wenye ngozi kama yetu, na makosa yalikuwa kiasi gani? Muuzaji akikosa jibu, aende zake. Nyanya tu sokoni unaibonyeza kabla ya kulipa.

Na sisi wanafunzi tusijifanye watakatifu. Kila mwaka kuna kundi linaleta mradi wa oksimita: unanunua moduli ya bei poa, unadesa programu kutoka intaneti, ndani yake kuna fomula inasema 110 kutoa 25 mara R. Unambana lekchara kidole, inatoka 98, makofi, alama ya A. Hakuna anayeuliza 110 imetoka wapi na 25 imetoka wapi. Zile namba ndio wale watu wa jedwali! Umewabeba ndani ya mradi wako bila kuwajua. Halafu mzima wa afya kuonyesha 98 ni ushahidi gani? Hata ukiandika programu ya kutoa 98 kila mara ungepata makofi hayo hayo.

Wengine watakimbilia kusema hatuna uwezo. Nendeni Morogoro. Tangu mwaka 2000 APOPO wako pale SUA wanafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu kwenye makohozi. Panya ni kihisi cha kibaolojia. Yule Magawa aliyepewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya Kambodia alikuwa panya wetu. Na kilichomfanya aaminike sio pua peke yake. Panya haendi kazini mpaka apimwe kwenye uwanja wenye mabomu yaliyofukiwa mahali panapojulikana. Yaani panya anafanya mtihani, oksimita ya mwaka wa nne haifanyi!

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Mradi wowote wenye kihisi usipewe alama bila kulinganishwa na kipimo cha kuaminika, kwa watu wa rangi mbalimbali, na makosa yaandikwe wazi. Idara ya elektroniki na wenzetu wa udaktari tukae meza moja, wao wana vipimo vya damu, sisi tuna nyaya. Na lekchara akisema kimeshapimwa, mnyooshee mkono umuulize: kwa nani?

Kazi kwenu wadau. Mimi naenda kulala, kesho nina lekcha ya saa moja asubuhi, na ni ya yule yule.