Neno "Mshenzi" Lisitoke Kinywani mwa Mkristo

Ndugu wasomaji, twataka kusema nanyi habari ya neno moja, nalo ni neno "mshenzi". Twajua wako watakaouliza, "Je, kwa ajili ya neno moja tu mwaandika maneno haya yote?" Naam, ndivyo, maana neno hili lafanya kazi mbaya vijijini mwetu, na walitumiao si walevi na wagomvi peke yao, bali ni watu waendao kanisani kila Jumapili. Twalisikia barazani na kisimani, tena, jambo la kusikitisha, twalisikia hata katika mafundisho ya wale wanaojitayarisha kubatizwa. Mtu asiyebatizwa huitwa mshenzi. Jina alilopewa na babu yake huitwa jina la kishenzi. Ngoma yake, dawa yake ya mizizi, hata chungu chake cha kupikia, vyote huitwa vya kishenzi. Sisi twasema waziwazi ya kuwa neno hili halimfai Mkristo, na yampasa aliache kama alivyoacha uongo na wizi.

Kwanza na tuangalie lilikotoka. Neno hili halikuletwa na Injili. Lilikuwako pwani zamani, na watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara. A. C. Madan, katika kamusi yake iliyopigwa chapa mwaka 1903, alieleza ya kuwa mara nyingi watu wa pwani walilitumia kwa kuwadharau wale waliotoka bara. Na kinyume cha mshenzi kilikuwa mwungwana, yaani mtu huru. Je, asiyekuwa mwungwana alikuwa nani? Alikuwa yule aliyetekwa huko bara, akatembezwa njia ndefu kwa miguu, akavushwa bahari na kuuzwa sokoni Unguja. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza, na mahali pale pakajengwa kanisa kuu lisimamalo hata leo.

Sasa fikirini, ndugu zetu. Wakristo wa kwanza wa misheni iliyojenga kanisa lile walikuwa watu gani? Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa katika chombo cha watumwa, nao ndio wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeonja utumwa akali mtoto, akawa kasisi mwaka 1890, wa kwanza katika Waafrika wa misheni ile. Watu wa namna hiyo ndio walioitwa washenzi sokoni. Tusi lililotupwa juu ya wazee wetu katika imani, tena wakiwa na kamba shingoni, leo sisi twaliokota na kuwatupia jirani zetu, nasi twajiona tumeendelea! Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Walisema kweli kupita walivyodhani.

Wala msiseme, "Basi tutawaita wapagani." Neno hilo limetoka katika Kilatini, na katika maana zake za kwanza lilikuwa jina la mtu wa shamba, akaaye mbali na mji. Sisi tushikao jembe tangu alfajiri, tukimwita jirani mpagani kwa kumdharau, twamtukana nani kama si nafsi zetu?

Pili, na tusikilize Maandiko. Mtume Petro alipoingia katika nyumba ya Kornelio huko Kaisaria, aliwaambia watu wa nyumba ile ya kuwa Mungu amemwonyesha asimwite mtu ye yote mchafu wala najisi. Liangalieni sana neno lile "asimwite". Mungu hakumkataza kuwaza tu, bali alimkataza kuita. Maana akujua ya kuwa jina baya likikaa ulimini siku nyingi, hushuka mpaka moyoni, na mtu akisha kumwita mwenzake najisi hawezi tena kuketi naye mezani. Kama Petro angalishika jina lile, asingaliingia nyumbani mwa Kornelio, wala Kornelio asingalibatizwa siku ile.

Tena mkumbuke habari za Paulo alipovunjikiwa na merikebu karibu na kisiwa cha Malta. Watu 276 walitoka majini, wamelowa, wanatetemeka kwa mvua na baridi. Nani aliyewawashia moto na kuwakaribisha? Ni wenyeji wa kisiwa, ambao Luka katika Kigiriki chake awaita kwa jina lile Wagiriki walilowapa watu wote wasiosema lugha yao, jina lililo karibu sana na hili letu la mshenzi. Walakini aliandika pia ya kuwa fadhili zao hazikuwa za desturi. Basi hao "washenzi" waliotenda kazi ya Msamaria, sisi twapata wapi ruhusa ya kuwacheka? Na mtume Yakobo alilia juu ya jambo hili hili, ya kuwa kwa ulimi mmoja twamhimidi Mungu, na kwa ulimi huo huo twawalaani watu walioumbwa kwa mfano wake.

Tatu, na tuyatazame madhara. Nani asiyejua desturi ya msiba vijijini? Mkristo akifa, wanaokuja na majembe kuchimba kaburi si Wakristo tu. Jirani wasiobatizwa huja usiku ule ule, wake zao wakileta unga, kuni na maji. Tumekuwapo kaburini ambapo msemaji alisimama mbele ya watu hao, mikono yao ingali na udongo wa kaburi, akawashukuru waumini peke yao, kisha akawaonya watoto wasifuate "njia za washenzi". Wale wazee walitazamana, wakaweka majembe begani, wakaondoka kabla ya sala kwisha. Je, nani alihubiri vizuri zaidi siku ile, mwenye kitabu au wenye majembe? Kisha twakaa twaulizana kwa nini wazee hawaji kanisani! Wahenga walituonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo. Wengi wetu tulipokewa duniani na mikono ya bibi wasiojua kusoma, tukatibiwa homa kwa majani yao, tukafundishwa nao kuamkia wakubwa kabla hatujajua sala hata moja.

Twajua majibu ya watu. Wa kwanza husema, "Ni neno tu, halina ubaya, kila mtu hulisema." Kama halina ubaya, na ajaribu kumwita hivyo mchungaji wake, au hakimu, au baba mkwe wake, aone. Hathubutu. Basi alijua tangu awali ya kuwa ni tusi, ila amechagua kuwatukana wale asiowaogopa.

Wa pili husema, "Hata watu wa misheni wa zamani walilitumia." Ni kweli, wengi walilitumia katika mahubiri na katika vitabu. Lakini yatupasa kurithi imani yao, wala si kila neno la ulimi wao. Hata wao waliobatiza walipata mengine ya kutufundisha. Cecil Majaliwa aliingia ukasisi na jina lake Majaliwa, na jina lile maana yake ni yale ambayo Mungu amemjalia mtu. Katika kijiji gani pana jina lenye shukrani kuliko hilo? Nasi leo tunao wazazi wanaowaambia watoto wao ya kuwa jina la babu ni la kishenzi, na kumbe wao wenyewe hawajauliza maana yake.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye neno zito, husema, "Je, tunyamaze? Tuwaache watu na matambiko na uchawi, tusiwaambie kweli?" La, hasha! Hatusemi mnyamaze. Paulo alipofika Athene moyo wake ulichomwa kwa kuona mji umejaa sanamu. Lakini alipopewa nafasi kusema Areopago hakuanza kwa tusi. Alisema ameona ya kuwa wao ni watu wa kuangalia sana mambo ya dini, akashika habari ya madhabahu waliyomjengea Mungu wasiyemjua, akaanzia hapo kumhubiri Mwumba, na toba, na ufufuo. Aliyasema yote wala hakupunguza kweli hata kidogo. Tena wako waliocheka na wako walioamini, lakini hapana aliyeondoka kwa sababu Paulo amemtukana baba yake. Tendo baya na liitwe baya kwa jina lake: uchawi ni uchawi, kumfukuza mjane nyumbani ni dhuluma. Lakini mjue ya kuwa dhuluma hiyo hutendwa na waliobatizwa pia, nasi hatuwaiti washenzi.

Basi twatoa shauri. Ninyi walimu wa mafundisho, liondoeni neno hili katika masomo yenu. Mkitaka kutaja mtu asiyeamini, semeni "asiyebatizwa", na kama ni mkubwa, mwiteni mzee au bibi kama adabu itakavyo. Ninyi wazazi, mtoto akimwita mwenziwe mshenzi, mzuieni kama mnavyomzuia akitaja matusi ya nguoni. Ninyi wazee wa kanisa, msibani washukuruni kwa midomo yenu wote waliochimba na waliopika, bila kuuliza nani ana cheti cha ubatizo. Na kila mmoja wetu, kabla ya kumpa mtu jina, ajiulize kama angeweza kumwita hivyo uso kwa uso, kisha kumkaribisha kuingia naye kanisani.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, maana dole hupona. Jirani zetu hawasomi Biblia, wengi wao. Wasikiacho ni maneno yetu tu. Tukitaka walisikie kwetu jina la Yesu na kulipenda, wasisikie tusi katika kinywa hicho hicho.